Sanaa ya Muda au Mnara wa Kudumu? Yanayofaa Kujulikana Wadini

Wakaazi wanapotaka kumuenzi mtu au tukio, wazo la kwanza huwa ni mnara wa kudumu. Njia nyingine ni sanaa ya muda: kazi inayowekwa hadharani kwa kipindi kilichokubaliwa, kisha huondolewa. Katika wadi yenye makaazi yaliyosongamana kama Junda, Kaunti Ndogo ya Kisauni, uamuzi huu ni mzito. Uwanja ukishajengwa mnara, si rahisi kurudi kuwa mahali pa watoto kucheza.

Mifano miwili

Pembe za Ndovu katika Barabara ya Moi zilitengenezwa kwa mbao na turubai mwaka 1952, kwa ajili ya ziara ya Binti Mfalme Elizabeth. Mwaka 1956, kwa ziara ya Binti Mfalme Margaret, zilijengwa upya kwa alumini. Pambo la mapokezi likageuka alama ya mji mpaka leo.

Katika Uwanja wa Trafalgar, London, mambo yalikwenda kinyume. Jukwaa la sanamu lililojengwa mwaka 1841 lilibaki tupu kwa kukosa fedha. Tangu 1999 limekuwa likiwekewa kazi za wasanii kwa zamu. Mwaka 2022 ilikuwa zamu ya Samson Kambalu, mzaliwa wa Malawi, aliyemwonyesha John Chilembwe, mhubiri aliyepinga ukoloni.

Faida na mipaka

Sanaa ya muda huwapa wakaazi nafasi ya kuijaribu kazi kabla ya kuamua, na nafasi huachiwa wengine. Hata hivyo, haifai kila jambo. Ajali ya kivuko cha Mtongwe ya Aprili 29, 1994 iliua zaidi ya watu 250. Waliofiwa katika msiba kama huo huhitaji mahali pa kurudi kila mwaka.

Ya kukubaliana mapema

- Tarehe ya kuweka na ya kuondoa.
- Nani ataondoa, na kwa gharama ya nani.
- Usalama wa wapita njia, hasa wakati wa mvua na upepo.
- Vifaa vitapelekwa wapi baadaye.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la shughuli za utamaduni, na Kifungu cha 196 kinataka umma ushirikishwe. Pendekezo la aina hii lina nguvu zaidi likitolewa katika vikao vya wananchi kabla ya bajeti kupitishwa.