Ukifungua Tairi la Nyuma, Usiishie kwenye Pedi

Anayeendesha gari kati ya Bulongwa, Makete mjini na Njombe anajua mguu wake wa kulia unavyochoka. Milima ya Kipengere haina huruma: kona baada ya kona, ukungu asubuhi, tope masika, na kiangazi vumbi linaloingia kila penye upenyo. Hata hivyo, wengi wakifika gereji swali lao ni moja tu: "Fundi, pedi zimebaki?"

Kwa breki za diski za nyuma, swali hilo halitoshi. Gari likifunga breki, uzito wake hukimbilia mbele, na breki za mbele ndizo hubeba kazi kubwa. Za nyuma hubana kidogo, hazipati joto la kutosha kujikausha, na hukaa na tope muda mrefu. Ndiyo maana mara nyingi hukwama kabla pedi hazijaisha. Kinachokwama ni vitu vidogo: pini mbili ambazo kalipa huteleza juu yake, mipira inayozifunika, na vibati vya chuma ambamo masikio ya pedi hukaa. Tena magari yetu mengi yametumika kwanza Japani, ambako sehemu za theluji humwagiwa chumvi barabarani. Kutu inaweza kuwa imeingia kabla gari halijapanda meli.

Dalili huanza kabla ya kufungua chochote. Baada ya safari ya kawaida, sogeza kiganja karibu na rimu za nyuma bila kuzigusa. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake, huko kuna kitu kimekwama.

Simamisha gari mahali tambarare, weka mawe kwenye matairi ya mbele, achia handibreki, piga jeki, kisha weka stendi. Jeki peke yake haiaminiki. Ukitoa kalipa, ifunge kwa waya. Isining'inie kwenye hozi.

Sasa chomoa pini. Iliyo nzima inang'aa, ina grisi laini, na huteleza kwa nguvu ya vidole tu. Mbovu ina madoa ya kahawia, mikwaruzo, au grisi iliyokauka ikawa kama gundi. Ukaguzi wa mpira wake usiufanye haraka: ukunje na kuuvuta, kwa sababu mpasuko mdogo unatosha kupitisha maji. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha mpira na kuibana pini. Tafuta ya silikoni inayostahimili joto.

Linganisha pedi ya ndani na ya nje. Ya ndani ikiwa imeisha na ya nje bado nene, shuku pini au pistoni. Iliyoliwa mshazari husema kalipa imekaa upande. Chini ya milimita 3, badilisha pande zote mbili za gari.

Vibati ndivyo vinavyoniuma. Mafundi wengine huvitupa kwa kuwa "vinapiga kelele", au husaga masikio ya pedi mpya ili yaingie kwa nguvu. Tatizo halisi ni kutu iliyo chini ya kibati, ambayo hukiinua na kuibana pedi. Kwangua kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kisha weka vibati vipya. Vumbi usilipulize kwa kompresa. Lioshe, mapafu ni yako.

Diski ina unene wa mwisho ulioandikwa kwenye chuma chake, pima. Yenye ufa haina matengenezo. Pistoni ikiwa na unyevunyevu kwenye mpira wake, mafuta yanavuja. Kwenye baadhi ya magari pistoni ya nyuma imeunganishwa na handibreki, hivyo hurudishwa kwa kuizungusha. Ukiisukuma kwa nguvu unaiharibu. Mengine yana breki shuu ndogo ndani ya diski, nazo zikaguliwe.

Ukishafunga, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu kabla gari halijasogea, kisha jaribu polepole kwenye tambarare. Mteremko baadaye, na kwa gia ndogo.