Ekzosi Hutiwa Kiraka, Breki Haitiwi

Wasomi wetu huwataja mafundi wa jua kali kwa ndimi mbili. Siku ya hotuba huwasifu kuwa mabingwa wasioshindwa na chuma chochote. Siku ya kupeleka gari kutengenezwa huwaita wababaishaji. Mimi siafikiani na ndimi zote mbili. Hata huyo asemaye kwamba fundi wa jua kali hutengeneza kila kitu hamsifu, bali humsingizia, kwa maana uhodari wa fundi hupimwa pia kwa kazi anazozikataa. Ushahidi wangu ni vitu viwili tu vya pikipiki kuukuu: ekzosi na mpira wa breki.

Mahali pa kuutafutia ushahidi huo ni Shauri Moyo, mtaa ulio mashariki ya katikati ya jiji la Nairobi, karibu na soko la Burma, na si mbali na Gikomba na Kamukunji. Mtaa huu ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, serikali ya kikoloni ilipokivunja kijiji cha Pangani na kuwataka wakaaji wake wahame. Tangu zamani nyundo hazinyamazi huku. Jiko la makaa lenye udongo wa kufinyanga ndani yake lilipoanza kuenea nchini katika miaka ya 1980, mafundi wa Shauri Moyo walikuwa miongoni mwa waliokata na kukunja mabati yake. Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limeandika habari za mafundi wa namna hii katika ripoti yake ya mwaka 1972 kuhusu ajira nchini Kenya. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi akawatembelea wale wa Kamukunji na kuagiza wajengewe vibanda vya kuwakinga na jua. Mwaka 1992 serikali ikatoa waraka mzima kuhusu jua kali. Maandishi, kwa hiyo, hayakukosekana.

Pikipiki zimeongezeka mno katika jiji hili na nchini kote tangu mwaka 2008, serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa zile zenye injini ndogo. Lakini nizungumziayo hapa si hizo mpya za bodaboda. Ni zile Honda, Yamaha na Suzuki za zamani, zilizobeba maofisa wa kilimo, makasisi na walimu, ambazo bado zinatembea kwa sababu kuna mtu aliyekataa kuziacha zife.

Hebu tuanze na ekzosi. (Najua kuna walimu watakaoniandikia wakitaka nitumie "dohani" au "bomba la kutolea moshi". Nawaheshimu, lakini ukifika Shauri Moyo ukaulizia dohani, utaonyeshwa paa la mkahawa.)

Watu wengi hudhani kwamba ekzosi huliwa na kutu kwa sababu ya mvua. Mvua ina lawama yake, ila adui mkubwa hutoka ndani. Petroli ikiungua huzaa maji, tena si maji kidogo: lita moja ya petroli huzaa takriban lita moja ya maji, ambayo hutoka yakiwa mvuke. Pikipiki ikienda safari ndefu, bomba lote hupata moto na mvuke hutoka wote nje. Ikienda safari fupi fupi, mathalan kutoka nyumbani hadi shuleni na kurudi, sehemu ya nyuma haipati joto la kutosha. Mvuke hugeuka maji, maji huchanganyika na masizi na asidi zitokanazo na mwako, na mchanganyiko huo hutuama chini kabisa ya bomba. Ndiyo maana ekzosi hutoboka upande wa chini, na kutoka ndani kuja nje. Ukiona rangi imeanza kuvimba kama ngozi iliyoungua, jua kwamba chuma cha ndani kimekwisha kitambo. Ekzosi nyingi hutobolewa tundu dogo kwa chini huko huko kiwandani ili maji yadondoke, na kuna wenye pikipiki wanaoliziba wakidhani ni kasoro!

Fundi niliyemtazama akifanya kazi alianza kwa kuligonga bomba lote kwa kipande cha chuma, huku akisikiliza. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti ya debe bovu. Kila aliposikia debe alitia alama ya chaki. Kisha akaingiza mnyororo mkuukuu wa pikipiki ndani ya bomba, akaziba ncha kwa matambara na kulitikisa kwa muda mrefu, masizi yakaja yakamwagika kama unga wa makaa. Ekzosi ya injini ya mipigo miwili, ambayo huchoma oili pamoja na petroli, huwa na masizi mazito yanayonata, na hiyo hurowekwa katika maji ya kostiki soda. Hiyo si kazi ya kufanyiwa jikoni: kostiki soda hula ngozi na macho, na ikikutana na aluminiamu hutoa haidrojeni, gesi iwakayo kwa cheche moja.

Baada ya hapo alikata sehemu iliyooza mpaka akafikia chuma kizima. Hapa ndipo mbabaishaji hujulikana. Yeye hubandika kipande juu ya kutu na kuchomelea, na kiraka hung'oka baada ya majuma machache, kwa kuwa kutu haishikani na kitu. Kiraka cha fundi huyu kilitoka kwenye mlango wa gari lililokufa. Kwa nini asitumie bati la paa, ambalo limetapakaa kila mahali? Bati la paa limepakwa zinki, na zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaomletea mchomaji homa na kutetemeka usiku. Mafundi wengi hunywa maziwa wakiamini yataosha moshi huo. Maziwa huenda tumboni na moshi huenda mapafuni, hayakutani.

Alichomelea kwa gesi, si kwa umeme, kwa sababu chuma hicho ni chembamba na umeme ungalikitoboa. Aliweka nukta hapa na nukta kule ili bomba lisijipinde kwa joto, ndipo akaziunganisha. Akapiga msasa, akapaka rangi inayostahimili moto, akatia wosha mpya ya shaba pale ekzosi inapoingia kwenye injini, kwa maana pakivuja hapo, hewa yenye sumu ya kaboni monoksaidi hutokea karibu na magoti ya mwendeshaji. Ekzosi iliyotengenezwa hivyo itadumu mwaka mmoja, pengine miwili. Ikitoboka tena, itapiga kelele mtaa mzima usikie, na hasara itakuwa kelele na aibu.

Breki ni habari nyingine kabisa. Pikipiki nyingi za bodaboda hutumia breki za ngoma, zinazovutwa kwa waya au fito ya chuma, na uchakavu wake huonekana kwa macho. Ile niliyoiona siku hiyo ilikuwa na breki ya diski mbele, inayosukumwa kwa mafuta. Mwanafunzi yeyote aliyesoma fizikia katika mfumo wa 8-4-4 aliichora breki hiyo katika kidato cha kwanza, chini ya kanuni ya Pascal. Mkono hubana wenzo, pistoni ndogo hukandamiza mafuta, mafuta hupitia mpira hadi kwenye pistoni kubwa iliyo gurudumuni. Ikiwa kipenyo cha pistoni kubwa ni mara tatu ya kile cha pistoni ndogo, eneo lake ni mara tisa, na nguvu nayo huzidi mara tisa. Hesabu hiyo ina sharti ambalo mchoro hauwezi kulionyesha: kuta za mpira zisitanuke, na kilichomo ndani kisibonyee.

Mpira wa breki una matabaka. Ndani kuna mpira laini, katikati kitambaa kilichosukwa, na nje mpira mgumu. Ukizeeka, upande wa nje huonyesha nyufa ndogo ndogo, na hilo ni onyo la huruma, kwa sababu ubovu wa ndani hauonekani. Huenda tabaka la ndani likavimba mpaka njia ya mafuta ikawa nyembamba. Huenda kipande kikabanduka kikawa kama mlango unaofunguka upande mmoja tu: mafuta huenda ukibana, lakini hayarudi ukiachia, gurudumu likajishika lenyewe njiani. Na huenda mpira wote ukawa unatanuka kama koo la chura, nguvu za mkono zikaishia kuutanua badala ya kuisimamisha pikipiki.

Mafuta ya breki nayo hunywa maji. Yale ya kawaida ni ya jamii ya glaikoli, na huvuta unyevu wa hewa hata kupitia ukuta wa mpira. Kiwango cha DOT 3 kinataka mafuta mapya yasichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakisha kunywa maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Sasa mfikirie mtu anayeteremka kuelekea Mai Mahiu amebeba abiria na mzigo, mkono haubanduki kwenye breki. Diski hupata moto, maji yaliyomo ndani ya mafuta huchemka, na mvuke hujaa bombani. Mafuta hayabonyei, mvuke hubonyea. Mtu hubana, wenzo ukagusa usukani, na pikipiki ikaendelea na safari yake. Kwa sababu hizo vitabu vya maelekezo vya Yamaha, mathalan, huagiza mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka miwili na mpira kila baada ya minne.

Mpira wa pikipiki ile ulikuwa umetoka nao kiwandani, na mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alitaka ufungwe kwa raba ya tyubu na waya, kama walivyomfungia huko kwao.

"Mwalimu," fundi akamwambia, "ekzosi yako nitaitia viraka hata kumi. Huu mpira siutii."

"Lakini fundi, si umeona hauvuji?"

"Hauvuji ikiwa imesimama. Hebu bana kwa nguvu."

Mwalimu akabana. Fundi akaushika mkono wake wa pili, akauweka juu ya mpira, na mwalimu akausikia ukivimba chini ya vidole vyake. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza bei ya mpira mpya. Pesa za kulipia kazi zote mbili hakuwa nazo. Wakakubaliana kwamba zile alizo nazo zinunue mpira na chupa ya mafuta, na ekzosi ailipe mwisho wa mwezi. Kijana mwanagenzi akatumwa Barabara ya Kirinyaga.

Kuufunga mpira hakukuchukua muda mrefu. Wosha za shaba zilibadilishwa katika kila ncha, kwa kuwa zilizokwisha kubanwa mara moja hupoteza ulaini wa kuziba. Kazi ndefu ilikuwa ya kutoa hewa. Fundi alichomeka kijimpira kinachoonyesha ndani kwenye kinati cha breki, akatumbukiza ncha ya pili katika chupa yenye mafuta, na mwanagenzi akawa anafuata amri: bana, shika, achia. Mapovu yakatoka makubwa, halafu madogo, halafu yakakoma. Matone yaliyodondokea tangi yalioshwa kwa maji papo hapo, maana mafuta ya breki hula rangi.

Sisemi mafundi wote wako hivi. Nimeona breki iliyofungwa kwa mpira wa petroli na klipu, na nimesikia madereva wakijisifu kwamba waliwahi kufika mbali kwa kumimina maji ya sabuni mahali pa mafuta. Lakini wababaishaji hao wana wateja, na wateja wenyewe ni sisi. Mtu mwenye shahada huzunguka vibanda vitano akimtafuta atakayemwambia analotaka kusikia, kisha ajali ikitokea huilaumu jua kali.

Na mashuleni je? Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulijaa masomo ya mikono. Yalipopunguzwa mwaka 2002, tuliambiwa mzigo wa wanafunzi ulikuwa mzito. Sekondari ndogo zilipoanza mwaka 2023, mafunzo ya awali ya kiufundi yalirejeshwa darasani. Nayafurahia. Hata hivyo, nina wasiwasi kwamba tutayafundisha kama tulivyoyafundisha yale ya kwanza: mwanafunzi ataunda kijiko, atapewa alama, na kijiko kitatupwa. Mitihani yetu, ya shule na hata ile ya kupima ufundi, hutoa alama kwa kazi iliyofanywa. Kazi iliyokataliwa kwa sababu nzuri haina mahali pa kuandikwa. Ningependa kuona swali la mtihani linalompa mtahiniwa vifaa sita vibovu na kumtaka aseme ni vipi vitatengenezwa na ni vipi vitatupwa, akieleza kwa nini. Na wa kulitunga wapo, ila hawakai katika ofisi za mitaala.

Mpira ule wa zamani fundi aliukata vipande viwili kabla ya kuutupa, asije mwingine akauokota na kuuuza. Nilimwomba kipande kimoja, nikakipasua kwa wembe kwa urefu. Nje kilikuwa kizima hata kung'aa; ndani tabaka laini lilikuwa limevimba na kukunjamana, njia ya mafuta imebaki kama ya sindano. Kipande kama hicho hakigharimu kitu. Mwalimu wa fizikia akikizungusha darasani siku ya kufundisha kanuni ya Pascal, wanafunzi watauliza maswali ambayo kitabu hakikuyatarajia, na la kwanza huenda likawa ni nani aliyekuwa akipakiwa nyuma ya pikipiki hiyo.