Dagaa na Vibua: Mafuta Yanayousaidia Mwili Kuzima Uvimbe

Katika soko la samaki la Tumbe, mnunuzi mwenye uwezo huulizia changu, tasi au chewa. Dagaa na vibua huhesabiwa kuwa kitoweo cha asiye na kitu, na dagaa wengi wa Zanzibar hukaushwa na kusafirishwa hadi Kongo. Hata hivyo, samaki hao wa bei nafuu wana mafuta ambayo samaki wenye nyama nyeupe wanayo kwa uchache tu, na mafuta hayo yana kazi maalumu mwilini.

Uvimbe unaoonekana na usioonekana

Mtu akichomwa na mwiba wa samaki, kidole huvimba, huwa chekundu, hupata joto na kuuma. Huo ni ulinzi: mwili hupeleka damu na chembe nyeupe ili kupambana na vijidudu na kutengeneza palipoharibika. Kazi ikimalizika, uvimbe hupoa.

Uvimbe sugu ni ule usiopoa. Huendelea kwa miaka, mara nyingi bila maumivu, ukiharibu polepole kuta za mishipa ya damu na viungo vya ndani. Unahusishwa na maradhi ya moyo, kiharusi, kisukari na baridi yabisi. Uvutaji wa sigara na unene uliopita kiasi huuchochea.

Kazi ya asidi za mafuta

Kila seli ya mwili imezungukwa na utando wa mafuta yanayotokana kwa sehemu na chakula. Mwili unapotaka kuanzisha uvimbe, huchukua asidi ya mafuta kutoka katika utando huo na kuigeuza kuwa kemikali, zikiwemo prostaglandini. Asidi za kundi la omega-6 hutoa ishara kali. Asidi za omega-3 za samaki hugombea nafasi hiyo hiyo. Zikiwa nyingi, ishara hutoka dhaifu zaidi, na baadhi yake hugeuzwa kuwa kemikali zinazouamuru mwili uzime uvimbe. Aspirini nayo hutuliza maumivu kwa kuzuia prostaglandini, ugunduzi uliomwezesha John Vane wa Uingereza kushiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1982.

Omega-6, iliyo nyingi katika mafuta ya alizeti, si sumu, mwili unaihitaji. Yanayofaa kuepukwa ni mafuta yaliyogandishwa viwandani na mafuta ya karai yanayotumika siku baada ya siku.

Ushahidi kutoka Tanzania

Mwaka 1996, jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti uliowalinganisha wanavijiji wa Ziwa Nyasa, ambao chakula chao kikuu ni samaki, na wanavijiji wa Lugalawa, wilayani Ludewa, wanaokula mazao ya shamba. Wala samaki walikuwa na omega-3 nyingi zaidi katika damu, na shinikizo lao la damu lilikuwa la chini zaidi. Utafiti huo ulihusu shinikizo la damu na mafuta ya damu, si uvimbe wenyewe. Kuhusu uvimbe, ushahidi ulio wazi zaidi ni wa wagonjwa wa baridi yabisi, ambao mafuta ya samaki kwa kipimo kikubwa huwapunguzia maumivu na ukakamavu wa viungo.

Mambo ya kuzingatia nyumbani

Kwa mtu mzima, inashauriwa kula samaki wenye mafuta angalau mara mbili kwa wiki. Hapana haja ya kununua vidonge. Dagaa, vibua na jodari vinatosha. Ni bora wapikwe mchuzi au wachomwe kuliko kukaangwa, na tui la nazi litumike kwa kiasi.

Vibua na jodari wawekwe kwenye barafu mara wanapovuliwa. Wakikaa juani hutengeneza sumu inayoleta vipele, kichwa kuuma na kutapika, na kupika hakuiondoi.

Chakula hakichukui nafasi ya dawa. Mgonjwa wa shinikizo la damu, kisukari au baridi yabisi asiache dawa alizoandikiwa kwa sababu ameanza kula samaki. Wakaazi wenye umri wa miaka 40 na zaidi wanahimizwa kufika kituo cha afya kilicho karibu kupima shinikizo la damu na sukari hata kama hawaumwi, kwa kuwa maradhi haya hayabishi hodi.