Upofu Unaorithiwa: Funzo la Mbwa wa Kongo

Mfanyabiashara wa Kamembe, wilayani Rusizi, anapotafuta mbwa wa kulinda ghala lake usiku, kwa kawaida hutazama umbo la mbwa, ukali wake na bei yake. Ni nadra kuuliza habari za macho. Hata hivyo, mlinzi asiyeona gizani si mlinzi, na zipo mbegu za mbwa ambazo hurithishana upofu kutoka kwa wazazi hadi kwa watoto.

Mfano mmoja unatoka katika nchi iliyo ng'ambo tu ya mto Ruzizi. Kongo ni nchi ya asili ya Basenji, mbwa mdogo wa kuwindia anayejulikana kwa kutobweka. Mwaka 1937, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya Ubelgiji, mbwa waliochukuliwa huko walionyeshwa katika maonyesho ya Crufts, mjini London, wakapendwa mno. Basenji wa Ulaya na Marekani wakazalishwa kutokana na mbwa wachache tu waliovushwa bahari, na mara nyingi jamaa wakapandishwa kwa jamaa. Wahenga walisema, kizuri hakikosi ila. Kasoro zilizokuwa zimejificha katika damu zikajitokeza, na mojawapo ni kufa polepole kwa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea nuru.

Ugonjwa huu hauumi, wala hauna dawa. Kwanza mbwa hujikwaa jioni. Baadaye haoni hata mchana. Ili kuutambua, daktari wa mifugo humtia mbwa matone ya kupanua mboni, kisha humchungulia kwa chombo chenye taa ndani ya chumba chenye giza. Akiona mishipa ya damu imesinyaa na sehemu ya nyuma ya jicho inang'aa kupita kiasi, hutambua kuwa retina inakufa.

Tatizo ni kwamba uchunguzi huo huweza kuchelewa. Katika Basenji dalili aghalabu huonekana baada ya umri wa miaka 5, na wakati huo mbwa huenda amekwisha kuzaa. Isitoshe, mbwa anaweza kubeba kasoro bila yeye mwenyewe kuugua. Wabebaji wawili wakipandishwa, kila mtoto ana nafasi moja katika nne ya kuupata ugonjwa. Ndiyo maana ugunduzi uliotangazwa mwaka 2013, wa jeni mojawapo inayoleta upofu huu katika Basenji, una thamani kubwa: damu kidogo hutosha kumtambua mbebaji kabla hajazalishwa.

Itakumbukwa pia kwamba mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walisafiri hadi Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, kutafuta mbwa wa vijijini wa kuongeza damu mpya. Mbwa ambao pengine mtu wa mjini angewadharau ndio waliotegemewa kuiimarisha mbegu yenye sifa duniani.

Kwa hiyo mnunuzi wa Rusizi anayelipa fedha nyingi kwa mbwa wa kigeni hana budi kuuliza kama wazazi wake walipimwa macho, na kutaka kuona hati ya daktari. Jina la mbegu peke yake si cheti cha afya.