Utangulizi: Kupima Hatari ya Maafa katika Bonde la Rufiji

Wengi huijia elimu ya kupima hatari ya maafa wakidhani ni hesabu ya maji tu: mvua imenyesha milimita ngapi, mto umepanda kiasi gani. Hesabu hizo tunazihitaji. Lakini ukianzia masomo yako katika wilaya za Rufiji na Kibiti, utaona mapema kwamba mafuriko yaleyale humwangamizia mkulima mpunga mwezi wa nne, kisha humwachia tope la kupandia mahindi maji yakishapungua. Kilimo hicho cha baada ya mafuriko wenyeji hukiita mlao, na kimelisha bonde hili vizazi kwa vizazi.

Mto wenyewe huanzia mbali. Mito ya Kilombero na Luwegu hukutana, ndipo Rufiji inapozaliwa, kisha Ruaha Mkuu huungana nao. Eneo linalomwaga maji humo linazidi kilometa za mraba 170,000, kwa hiyo mvua ya Mbeya au Iringa yaweza kumfikia mtu wa kijiji cha Muhoro bondeni akiwa chini ya anga jeupe. Huku chini, katika kata za delta kama Salale, Mbuchi, Maparoni na Msala, kuna bahari pia. Maji ya mto yakikuta bamvua, yaani maji makuu ya bahari, hukosa pa kutokea, na mikoko, iliyo mingi hapa kuliko popote pengine pwani ya Afrika Mashariki, ndiyo kinga ya kwanza dhidi ya mawimbi.

Watu wa bonde walikwishafanya tathmini yao zamani. Dungu, kibanda cha shambani kilichoinuliwa juu ya nguzo, ni jibu kwa maji na pia ni mahali pa kulindia mpunga dhidi ya nguruwe pori. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamishia watu kwenye miinuko katika Operesheni Rufiji. Nia ilikuwa njema, na shule na zahanati zilikuwa rahisi kujengwa huko juu. Lakini mashamba yenye rutuba yalibaki bondeni, na wakulima wakaendelea kuyafuata. Operesheni ilipima kina cha maji ikasahau kupima chakula. Naliona hili kuwa somo kubwa kuliko mengine yote katika fani yetu.

Kisha likaja Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Mto wenye bwawa haufuati kalenda ya zamani. Kumbukumbu za wazee peke yake hazitoshi tena, wala takwimu za miaka ya nyuma. Masika ya 2024, wakati wa El Niño, bwawa lilijaa, maji yakafunguliwa, na vijiji vya Rufiji na Kibiti vikazama pamoja na mashamba yake. Mapema Mei kimbunga Hidaya kikafika pwani, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga. Anayesema pwani yetu haina vimbunga akumbuke kile kilichoipiga Lindi mwaka 1952.

Kwa hiyo, ukipewa kazi ya kutathmini kata moja ya delta, usianze na ramani. Uliza kwanza nani ana mtumbwi na nani hana. Mama mjamzito wa kisiwani anafikaje bara, bandarini Nyamisati, usiku, maji yakiwa yamechafuka? Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, au ya kufunguliwa kwa bwawa, inamfikia nani, kwa simu ipi, saa ngapi kabla? Mbegu za msimu ujao zimehifadhiwa juu au chini? Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inaitambua kamati ya maafa ya kijiji. Kaa nayo, andika majibu yake, ndipo urudi kwenye ramani. Na matokeo ya tathmini yako yarudishe kijijini kwa Kiswahili kabla masika hayajaanza.