Swali la "Kenya: Twendapi?" na Hofu ya Watawala

Katika mafunzo ya siasa hapa Puge, wilayani Nzega, mimi huanza na wapagazi. Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani wakimfuata kirangozi, yaani mwongoza msafara. Aliyebeba mzigo alikuwa na haki ya kuuliza anakopelekwa. Sasa, ndugu wasomaji, tuangalie yaliyompata aliyewauliza viongozi wa nchi yake swali hilo hilo.

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Alikuwa mwanachama wa KPU, chama cha Oginga Odinga. Mwaka 1968, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, fomu za wagombea wa KPU zilikataliwa kwa mamia, eti zimejazwa vibaya. Mwezi Novemba Abdilatif akatoa kijikaratasi chenye kichwa "Kenya: Twendapi?" Akakamatwa, akashtakiwa kwa uchochezi, akahukumiwa miezi 18. Serikali ikaona haitoshi, ikakata rufaa, kifungo kikawa miaka 3.

Zingatieni jambo hili. Dola yenye jeshi, polisi na redio ilimwogopa kijana wa miaka 22 mwenye karatasi! Sababu ni kwamba tabaka lililorithi viti vya mkoloni lilirithi pia sheria zake za uchochezi, na likaziona tamu.

Gerezani alitengwa peke yake. Akaandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Alitoka Machi 1972, na mwaka uliofuata mashairi hayo yakachapwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 kitabu kikapewa Tuzo ya Jomo Kenyatta, yaani jina la Rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Hapa wanafunzi hucheka, nami huwaacha wacheke.

Baada ya kifungo alikuja Dar es Salaam, akafanya kazi ya uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu hadi 1979. Tulijivunia kumpokea. Lakini mwaka 1976, yeye akiwa kwetu, Bunge letu lilipitisha Sheria ya Magazeti iliyompa Waziri uwezo wa kulifungia gazeti, na sheria hiyo ilidumu hadi 2016. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza: je, kijikaratasi kile kingeandikwa kuhusu sisi, tungefanya nini? Nilimwambia muda umekwisha. Haukuwa umekwisha. Wiki iliyofuata nililirudisha swali lake mbele ya darasa zima, nikakaa kwenye benchi kumsikiliza.