Kenny Washington na misimu sita isiyo na hesabu

Katika rekodi za NFL, ligi kuu ya mpira wa miguu wa Kimarekani, Kenny Washington ana misimu mitatu tu: 1946, 1947 na 1948. Katika misimu hiyo alibeba mpira mara 140 na kusonga nao yadi 859. Mbebaji mpira mahiri wa siku hizi huzipita yadi hizo ndani ya msimu mmoja na mechi zikabaki. Kwa hiyo anayesoma jedwali peke yake atamweka Washington katika kundi la wachezaji waliopita, wakaonekana kidogo, wakasahaulika. Hapo atakuwa amekosea, hata kama kila tarakimu aliyoisoma ni ya kweli. Takwimu za mchezaji humhesabia kwanza nafasi alizopewa, na uwezo wake huhesabiwa ndani ya nafasi hizo tu. Mchezo huu una watu wachache ambao maisha yao yanathibitisha jambo hilo kwa uwazi kama ya hafubeki huyu wa Los Angeles.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo, maelezo machache yatatosha. Uwanja una urefu wa yadi 100 kati ya mistari miwili ya goli. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa manne mengine, ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Hafubeki husimama nyuma ya ukuta wa wenzake, hupokea mpira, kisha hutafuta upenyo huku watu 11 wa upande wa pili wakitaka kumwangusha. Anayepata wastani wa yadi 4 kila anapobeba mpira huwa ameitumikia timu yake vizuri. Miaka ya 1930 kazi yake ilikuwa nzito zaidi. Katika mipangilio mingi ya wakati ule hafubeki ndiye aliyekimbia na mpira na ndiye aliyerusha pasi, na kwa kuwa kanuni ziliubana ubadilishaji wa wachezaji, mpira ulipopotea alibaki uwanjani kukaba.

Kazi hiyo ndiyo aliyoifanya Washington katika Chuo Kikuu cha California kilichopo Los Angeles, maarufu kama UCLA, kuanzia 1937 hadi 1939. Alizaliwa mjini humo mwaka 1918 na kukulia mtaa wa Lincoln Heights. Baba yake, Edgar, alicheza besiboli katika timu za watu weusi na kuigiza katika filamu za Hollywood. Mwaka 1937, katika mechi dhidi ya mahasimu wao wa mjini, USC, timu yake ilikuwa nyuma 19–0 katika robo ya mwisho. Washington alirusha pasi mbili za mbali zilizozaa magoli mawili, moja ikisafiri hewani takriban yadi 60, na mechi ikaisha 19–13 huku USC wakihema. Mwaka 1939 aliongoza nchi nzima kwa yadi 1,370 za mbio na pasi zikijumlishwa. Kati ya dakika 600 za msimu huo alicheza 580. Wenzake walikuwa Woody Strode na Jackie Robinson, yule ambaye baadaye angevunja mwiko wa rangi katika besiboli, na timu ilimaliza msimu bila kufungwa. Mechi ya mwisho, tena dhidi ya USC, iliisha 0–0 mbele ya watazamaji zaidi ya 100,000. Washington alipotolewa zikiwa zimebaki sekunde chache, uwanja mzima ulisimama kumshangilia. Yadi zake 1,914 za kukimbia katika misimu mitatu zilibaki rekodi ya chuo hicho kwa zaidi ya miaka 30.

Mwezi huohuo wa mechi hiyo, Desemba 1939, klabu za NFL zilikutana Milwaukee kugawana wachezaji waliokuwa wakimaliza vyuo. Majina 200 yalitajwa na lake halikuwamo. Hakukuwa na kanuni iliyoandikwa ya kumkataza mtu mweusi kucheza. Kulikuwa na maelewano ya kimyakimya tu. Ligi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1920, ilikuwa imewahi kuwa na wachezaji weusi kama Fritz Pollard, Duke Slater na Joe Lillard, lakini msimu wa 1933 ulipoisha mlango ulifungwa. Kiangazi cha 1940 Washington aliitwa katika kikosi cha nyota wa vyuo kilichocheza Chicago dhidi ya mabingwa wa NFL, Green Bay Packers. Alicheza na akafunga. Viongozi wa ligi walimwona kwa macho yao akipambana na timu bora kuliko zote walizokuwa nazo, kisha wakaondoka bila kumpa mkataba. Alirudi kwao kuchezea Hollywood Bears katika ligi ya pwani ya Pasifiki, ambako watu walilipa viingilio kwenda kumtazama na magoti yake yakaanza kumharibikia.

Mwaka 1946 mambo yaligeuka, na hapo ndipo ushahidi unapokolea. Klabu ya Rams, mabingwa wa msimu uliotangulia, ilihama kutoka Cleveland kwenda Los Angeles na kuomba kuutumia uwanja wa Coliseum. Uwanja huo ulikuwa mali ya umma. Waandishi wa magazeti ya watu weusi, Halley Harding akiwa mbele, walifika kwenye kikao cha kamisheni ya uwanja na kuuliza kwa nini uwanja uliojengwa kwa kodi za wananchi wote ukodishwe kwa klabu inayowabagua baadhi yao. Klabu ilikosa jibu la kujitetea. Tarehe 21 Machi 1946 Washington alitia saini mkataba, na miezi michache baadaye Strode akafuata. Ulikuwa mwaka mmoja kabla ya Jackie Robinson kuingia uwanjani na Brooklyn Dodgers. Sasa linganisha Washington wa Desemba 1939 na Washington wa Machi 1946. Wa kwanza alikuwa na umri wa miaka 21, mzima wa afya, akiongoza taifa kwa yadi, akakataliwa. Wa pili alikuwa na miaka 27, magoti yakiwa yamepasuliwa mara kadhaa, kasi imepungua; akakubaliwa. Kama kipimo kingekuwa uwezo, mambo yangekuwa kinyume chake. Kilichobadilika kati ya siku hizo mbili ni masharti ya kupangisha uwanja.

Hata hivyo magoti hayo mabovu yalifanya kazi ya kustaajabisha. Mwaka 1947 Washington alibeba mpira mara 60 na kupata yadi 444, wastani wa yadi 7.4, uliokuwa wa juu kuliko wa mbebaji yeyote wa ligi mwaka huo. Dhidi ya Chicago Cardinals, waliokuja kutwaa ubingwa wa msimu huo, alikimbia yadi 92 katika mchezo mmoja, na mpaka sasa Rams hawajapata mtu wa kuivunja rekodi hiyo. Mtu makini atauliza: mara 60 si chache mno? Je, mbio moja ya yadi 92 haikuupandisha wastani? Swali ni la haki na hesabu yake ni rahisi. Ondoa mbio hiyo kabisa, zitabaki yadi 352 kwa majaribio 59, yaani karibu yadi 6 kila mara. Na wastani wa misimu yake yote mitatu, 6.1, uko hapohapo. Kama bahati ilikuwapo, haikuwa ya siku moja.

Pingamizi la pili linahusu vita. Wachezaji wengi weupe nao walipoteza misimu yao bora kati ya 1942 na 1945 wakiwa jeshini. Kwa nini tumlilie mmoja? Ni kweli kwamba Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikula miaka ya wanamichezo wengi. Lakini Washington alinyimwa pia 1940 na 1941, misimu miwili ambayo Marekani haikuwa imeingia vitani ilipoanza na viwanja vilikuwa vimejaa. Zaidi ya hapo, mchezaji mweupe aliyekwenda vitani aliacha nafasi ambayo angeweza kuirudia. Na vita vilipowachukua vijana wengi, klabu zikahangaika kutafuta watu wa kujazia vikosi, bado hazikumwita hafubeki aliyekuwa akicheza Los Angeles mbele ya umati. Upungufu huo ungekuwa kisingizio kizuri cha kumsajili, nazo hazikukitumia.

Pingamizi zito zaidi ni la wale wanaolinda heshima ya ukumbi wa kumbukumbu ya wachezaji wa kulipwa uliopo Canton, Ohio. Ukumbi wa vyuo ulimpokea Washington mwaka 1956. Wa Canton, uliofunguliwa 1963, haukumpokea hadi alipofariki mwaka 1971 akiwa na miaka 52, wala katika miaka 50 iliyofuata. Hoja yao ni kwamba ukumbi huheshimu yaliyotendwa uwanjani, na ukianza kuheshimu yale ambayo yangetendwa hutajua pa kuishia, kwa sababu kila kijiji kina mtu ambaye angekuwa bingwa. Hoja hii ina uzito na haifai kujibiwa kwa huruma. Jibu lake ni kwamba kwa Washington hatuhitaji kubuni. Yapo ya kabla, misimu mitatu ya UCLA iliyohesabiwa na kuandikwa. Yapo ya baada, misimu mitatu ya NFL yenye wastani wa yadi 6.1. Kati yake kuna misimu sita ambayo ligi yenyewe iliamua isihesabiwe. Ligi iliyomnyima mtu mizani haiwezi kumdai uzito na ikajiita ya haki. Hakuna haja ya kumwongezea yadi hata moja ya kudhaniwa. Inatosha kukubali kwamba mapengo yake ni kazi ya waliomzuia, kwa hiyo hayawezi kutumika kama ushahidi dhidi yake.

Wapo pia wanaosema yaliyotokea 1946 yangetokea tu, wakati ulikuwa umefika. Historia ya klabu ya mji mkuu inawakanusha. Chini ya mmiliki wake George Preston Marshall, klabu hiyo ilibaki bila mchezaji mweusi hadi 1962, miaka 16 baada ya Washington kusajiliwa. Iliposalimu amri, sababu ilikuwa ileile: uwanja wake mpya ulikuwa kwenye ardhi ya serikali kuu, na Waziri wa Mambo ya Ndani ya nchi na ardhi za taifa, Stewart Udall, aliionya kwamba haitautumia ikiendelea kubagua. Miongoni mwa waliofungua njia hapo alikuwa Bobby Mitchell, hafubeki aliyetoka Cleveland. Mara mbili, katika miji miwili, mwenye uwanja ndiye aliyeufungua mlango ambao vipaji vilikuwa vimeubisha kwa miaka.

Somo hili linavuka mipaka ya mchezo. Ofisi za ajira, vyuo na mashindano hupenda kujivunia kwamba huangalia rekodi tu, bila kumjali mtu anatoka wapi. Rekodi ni ushahidi mzuri pale ambapo wote waliruhusiwa kuiweka. Pasipokuwa hivyo, swali la kwanza ni nani aliyekuwa na funguo na alizitumiaje, kisha ndipo yadi zihesabiwe. Ukimsoma Washington kwa utaratibu huo, misimu yake mitatu ya NFL haionekani tena kuwa kazi fupi ya mchezaji wa kawaida. Ni masalio ya kazi ndefu, yaliyotosha kuongoza ligi kwa wastani na kuacha rekodi ambayo klabu yake haijaivunja.